Bi Jokha na Ngazi za Lango la Jua

Nianze kwa kukiri jambo moja ili tusipotezeane muda: mimi Restuta ni mtu wa kujisifu. Nimezaliwa Marangu, chini kabisa ya Kilimanjaro, na kwa miaka ishirini na mbili niliyokaa London hakuna mtu niliyekutana naye ambaye hakuambiwa hivyo. Kanisani kwetu Tottenham wananiita Mama Mlima. Mlima wenyewe sijawahi kuupanda hata robo, lakini hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Habari hii hata hivyo si yangu. Ni ya Bi Jokha Msabaha, Mpemba wa Wete, mwanamke mfupi wa miaka sitini na tatu anayekaa ghorofa ya saba kule Edmonton. Tulifanya naye kazi ya kutunza wazee majumbani miaka kumi na minne, tukipita nyumba hadi nyumba kuwaogesha, kuwavisha na kuwapa dawa zao. Yeye ndiye aliyenifundisha kumtembeza mzee kutoka kitandani mpaka chooni. "Mguu mmoja, pumzi moja," alikuwa akisema. "Na umpumzishe kabla hajachoka. Akishachoka, ushachelewa." Sisi wengine tuliwavuta wazee tuwahi basi la kwenda nyumba ya pili. Bi Jokha alichelewa kila siku ya Mungu, akaandikiwa barua mbili za onyo, na katika miaka yote ile hakuna mzee wake hata mmoja aliyeanguka.

Mwaka juzi akabadilishwa goti la kulia, akawekewa la chuma, akastaafu. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Lifti ya jengo lao hufanya kazi siku mbili na kulala siku tatu. Binti yake, Haifa, na kaka yake, Mzee Hamad, wakakaa wakaamua kwamba mama hawezi tena ghorofa ya saba. Walimtafutia nafasi kwenye nyumba za wazee upande wa Lewisham, chumba cha chini, chenye kamba nyekundu ya kuvuta ukianguka. Fomu ikajazwa yote, ikabaki sahihi yake tu.

Na mimi niliwaunga mkono, sina haja ya kuficha. Haifa aliponipigia simu nilimwambia ana haki, mama amekuwa mtu mzima, ngazi zile zitamuua. Nilisema hivyo nikiwa nimekaa kwenye kochi langu, ghorofa ya kwanza.

Bi Jokha hakugomba. Alinikaribisha kwake siku moja, akanimiminia chai ya maziwa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shoga yangu, watu wa vyumba vya chini nimewavisha soksi miaka kumi na minne. Wanaanza kwa kuacha ngazi. Baadaye wanaacha kwenda dukani. Mwisho wanaacha kutoka kitandani. Mie sitaki kwenda kuanza." Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa ncha ya mtandio, akaniongezea chai.

Ukutani nyuma yake ilining'inia kalenda kuukuu ya mwaka ambao hata siukumbuki. Alipewa na mteja wake wa mwisho, Mzee Avtar, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, ambaye kwa miaka sita alikataa kugeuza ukurasa wa mwezi Juni. Ilikuwa picha ya Machu Picchu, mji wa mawe juu ya mlima huko Peru, na mvuke wa mawingu umeuzunguka. Wengine wakiiangalia picha ile huona milima. Bi Jokha aliona kitu kingine. "Nchi nzima ya ngazi," aliniambia, "na hapana lifti hata moja."

Basi siku Haifa na mjomba wake walipokuja na fomu na kalamu, nami nikiwepo, Bi Jokha alitoa karatasi yake mwenyewe mezani. Ilikuwa ya kampuni ya safari: siku nane, kiongozi wa msafara, magofu ya Wainka na bonde lao, na siku ya sita kupanda kutoka Machu Picchu hadi mahali panapoitwa Lango la Jua. Alikwisha kulipia kwa kiinua mgongo chake.

"Nikipanda mpaka kwenye lango na kushuka kwa miguu yangu, bila ya kushikwa na mtu, fomu hiyo itachanwa na asinitajie tena mtu neno Lewisham," alisema. "Nikishikwa mkono, hata hatua moja, natia sahihi siku nnayorudi."

"Mum, that's the Andes," Haifa akasema. Amelelewa London, Kiswahili anakielewa chote, ila kukijibu ndiyo kazi.

"Najua ni wapi. Nina kalenda."

Mzee Hamad alifanya kazi ya posta miaka thelathini na anapenda kila kitu kiwe kwenye maandishi. Alipindua fomu, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: BILA KUSHIKWA. Akatia tarehe. Haifa akanivuta pembeni jikoni. "Aunty Restuta, please, nenda naye. Wewe ni mountain person." Ningekataaje sifa kama hiyo.

Miezi mitatu Bi Jokha alifanya mazoezi kwenye ngazi za jengo lao, mara mbili asubuhi na mara moja baada ya sala ya alasiri, lifti iwe nzima au mbovu. Alinunua buti za kahawia kwenye duka la mitumba, kamba zikakatika wiki ya kwanza, naye akashona nyingine kwa pindo jekundu la kanga kuukuu. Haifa alizionea aibu buti zile kuliko kitu chochote. Mimi nilinunua raba nyeupe. Nilimwambia Bi Jokha kwamba sisi watu wa milimani buti hatuzihitaji, damu yetu inajua njia. Alinitazama miguuni, akasema, "Haya."

Tulikuwa watu kumi na wawili, wengine wote Waingereza, baadhi yao wakimbiaji wa marathoni. Kiongozi wetu aliitwa Wilber, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye kitambi na kofia ya sufu. Siku tuliyofika Cusco alituonya kwamba mji uko juu mno, hewa ni chache, tutembee taratibu. Mchana akatupeleka Sacsayhuamán, ngome ya Wainka juu ya mji, ambako kuna mawe marefu kuliko mtu yaliyopangwa yakashikana bila kitu chochote katikati. Nikaona hapa ndipo pa kuwaonyesha Waingereza mtoto wa Marangu ni nani. Nikapanda ngazi zake mbio.

Nilifika juu. Hilo naomba liandikwe. Nilipofika kichwa kikagonga kama mtwangio, dunia ikageuka kijani, nikatapika mbele ya wenzangu wote na kundi la watalii wa Kijerumani. Niliteremshwa na wanaume wawili, nikalazwa hotelini na kinyago cha hewa puani.

Bi Jokha, niliambiwa baadaye, alifika juu wa mwisho kabisa. Alisimama mbele ya ukuta akachomeka ukucha kwenye kiungo cha mawe mawili na ukucha haukuingia. Baba yake alikuwa fundi mwashi kule Wete, wa mawe na chokaa. "Hamna chokaa," alimwambia Wilber. "Baba yangu angelia." Wilber aliipenda kauli ile kiasi kwamba aliirudia kwenye basi kila siku mpaka mwisho wa safari.

Siku ya tatu tulikwenda Pisac, ambako mlima mzima umekatwa matuta ya kulimia, moja juu ya jingine, toka bondeni hadi kileleni. Mimi nilibaki kwenye basi na ndoo yangu. Kupitia dirishani nilimwona mwenzangu akianza kupanda nyuma ya wote: mguu, pumzi, mguu, pumzi, hatua kumi anasimama, hata kama hana dalili ya kuchoka. Wakimbiaji wa marathoni walimpita wakimpungia mkono. Nusu saa baadaye mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe ameshika kichwa, wa pili amelala kwenye nyasi. Bi Jokha akawapita, akawapungia mkono na yeye. Nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka kichwa kikaniuma upya.

Kesho yake Ollantaytambo, penye ngazi zaidi ya mia mbili zinazopanda moja kwa moja kama ukuta, Wilber alikusanya kundi lake akatoa amri mpya. Bi Jokha atangulie, na mtu asimpite. Wote kumi na mmoja tukapanda nyuma ya zile kamba nyekundu za kanga, tukisimama anaposimama, na hakuna aliyeumwa. Mama mmoja muuza vitambaa pale juu, shavu limetuna majani ya koka kama mabibi wa Pwani na tambuu zao, alimshika Bi Jokha kidevu akasema neno la Kikechua. Wilber akatafsiri: huyu anajua kutembea. Kwa mara ya kwanza tangu atolewe hospitali nilimwona Bi Jokha akicheka kwa sauti.

Siku ya sita tukafika penyewe. Machu Picchu ilikuwa imefunikwa na ukungu na mvua ya manyunyu, nasi wote tumevaa makoti ya plastiki ya bluu tuliyonunua kituoni, kila mtu sawa na mwenzake. Nilikuwa nimepona, na kwa vile pale ni chini kuliko Cusco, majigambo yangu nayo yalikuwa yamerudi. Njia ya kwenda Lango la Jua ni ya mawe, inapanda ubavuni mwa mlima kwa zaidi ya saa moja. Mkono mmoja ukuta wa mlima. Mkono wa pili hakuna kitu.

Bi Jokha alitangulia, mguu, pumzi, nami nyuma yake. Goti la chuma lilikuwa linamuuma. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa anasoma dua chini kwa chini kila jiwe refu. Hakuomba mkono na Wilber hakuthubutu kuutoa, maana habari za fomu alikuwa amehadithiwa zote. Tulipofika langoni, nguzo za mawe na vipande vya kuta kwenye shingo ya mlima, ukungu ulikuwa mweupe pande zote, hatuoni hata vidole vyetu. Bi Jokha alikaa juu ya jiwe akangoja. Alingoja kama alivyozoea kumngoja mzee amalize kuvaa shati mwenyewe.

Halafu ukungu ukafunguka. Mji wote ukatokea chini yetu, vyumba, viwanja, matuta, na ngazi, ngazi kila mahali, na mto kule shimoni. Bi Jokha alisimama, akatazama, kisha akashuka chini akasujudu palepale kwenye mawe yenye maji, na goti lake la chuma. Alipoinuka uso ulikuwa umelowa na haukuwa mvua. "Nimefika, Restuta," alisema. "Kwa miguu yangu."

Hakuna picha ya dakika ile. Simu ya kupigia picha nilikuwa nayo mimi, na mimi nilikuwa nimefumba macho. Maana ukungu ulipofunguka ndipo nilipoona tulipokuwa tumepita. Nilitazama ule upande usio na kitu, nikaona mto mdogo kama uzi, na miguu yangu ikaacha kazi. Mtoto wa Marangu, Mama Mlima wa Tottenham, miaka hamsini na minane, sikuweza kusimama.

Bi Jokha akaja kwangu. Akapitisha mkono chini ya kwapa langu, wa pili akaushika kiganja changu, vilevile alivyonifundisha tuwashike wazee wetu. "Nitazame mie, usitazame kule. Mguu wa kulia. Pumua. Sasa wa kushoto." Alinishusha hivyo njia nzima, yeye upande wa shimo, mimi upande wa ukuta, nimemlalia begani nikilia kama mtoto. Katikati ya njia nilimshika koti. "Bi Jokha, tafadhali, watu wa kanisani wasijue. Nitaiweka wapi sura yangu?" Akanijibu, "Nshakusitiri. Yamekwisha." Kwao hilo si neno dogo. Mwenzako akikufichulia aibu yake, unaifunika, na unaifunika mpaka kufa.

Kilichonipita ni kwamba Wilber alikuwa nyuma yetu na simu yake. Alitupiga picha kutoka nyuma: wanawake wawili wa makoti ya bluu kwenye ukungu, kofia zimefunika vichwa, mmoja amemlalia mwenzake begani. Akaituma kwenye kundi la WhatsApp la safari, ambalo Haifa alikuwemo kama mtu wa kupigiwa ikitokea dharura. Aliandika chini yake: Hongera akina mama.

Tulirudi London Jumamosi, na Jumapili mchana tulikuwa wote mezani kwa Bi Jokha. Lifti ilikuwa imelala. Haifa alifika juu akihema, Mzee Hamad akafika dakika kumi baada yake na hakuweza kusalimia mpaka alipopewa maji. Hakuna aliyecheka, ingawa nilitamani. Mzee Hamad akatoa fomu, akaigeuza upande wa BILA KUSHIKWA, akaweka kalamu juu yake. Haifa akaweka simu mezani, na ile picha.

"I'm proud of you, Mum. Kweli," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini tulikubaliana."

"Umefika, hakuna anayekataa," Mzee Hamad akasema kwa upole. "Ila hapa umeshikwa, Jokha. Au siye wewe?"

Bi Jokha aliitazama ile picha muda mrefu. Nilikaa mkabala naye, na nilijua anachokipima. Akisema "sikushikwa mie", kulikuwa na wanawake wawili tu kwenye picha. Ingetosha anitazame tu, ningekwisha. Hakunitazama. Alisema, "Picha mmeiona," basi. Akavuta miwani yake, akaivaa, akanyoosha mkono akaichukua kalamu.

Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile. Nilifikiria akina mama wa Tottenham, nilifikiria jina langu, nikasema moyoni labda Lewisham si pabaya, kuna hospitali karibu. Nilifikiri hivyo kweli, na kalamu ilikuwa inashuka. Halafu nikaona mkono wake, ule ulionishika kwapani upande wa shimo.

"Weka kalamu," nikasema. "Aliyeshikwa ni mimi."

Mzee Hamad akanitazama. "Restuta, si lazima umtetee."

"Simtetei. Angalieni miguu."

Haifa akaikuza picha kwa vidole viwili. Chini ya koti la aliyelalia bega zilikuwa raba nyeupe zilizojaa matope. Chini ya koti la aliyemshika, buti za kahawia, na kamba nyekundu za pindo la kanga zimezungushwa mara mbili kwenye kifundo cha mguu. Haifa aliziangalia kamba zile alizozionea aibu miezi mitatu, mdomo wazi. Nami nikawaeleza yote, tangu ndoo ya Pisac hadi kilio cha mlimani, na jinsi mama yake alivyonishusha mlima mzima kwa goti la chuma, akakubali kupoteza nyumba yake kuliko kunivunjia heshima. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, kwa kweli, na njaa pia.

Haifa alimkumbatia mama yake akalia kwa sauti. Mzee Hamad alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaichukua fomu yake, iliyojazwa vizuri kila kisanduku, akaichana vipande vinne kwa mikono yake mwenyewe, na kwa mtu wa posta hilo si jambo jepesi. "Lililoandikwa limeandikwa," alisema.

"Nshakusitiri na wewe umejivua," Bi Jokha akaniambia. Alikuwa anajaribu kukasirika, lakini tabasamu lilimshinda. Akaenda jikoni kupakua pilau.

Jioni ile, jua bado lipo, alitusindikiza hadi chini, ghorofa zote saba, Mzee Hamad akishika chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Akatuaga mlangoni, akageuka kupanda peke yake. Haifa hakuondoka. Alisimama uani akitazama juu, kwenye madirisha madogo ya ngazi, moja kwa kila ghorofa. Mtandio wa mama yake ukapita dirisha la kwanza. Ukasimama, pumzi, ukaendelea.

"Moja," Haifa akasema. Kisha, "Mbili." Alihesabu kwa Kiswahili, taratibu, na mimi na Mzee Hamad tukayafuata madirisha kwa macho. Dirisha la tano Bi Jokha alikaa kidogo zaidi, na Haifa akashika mkono wangu, lakini hakusogea mguu kwenda kumsaidia. Sita. Kwenye la saba dirisha likafunguka, na mkono ukatoka ukitupungia.

"Kafika," Haifa akasema.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya akina mama wa Tottenham nikawaambia wasiniite tena Mama Mlima. Niliwapa jina la anayestahili kuitwa hivyo, na anakokaa, na kwamba lifti ni mbovu, wakitaka kumpongeza wapande.